Gia za mkono, gia za otomatiki

gia nm [i-/zi-]

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi na kuingiza gia mwenyewe. La otomatiki halina klachi ya kukanyaga na hujibadilishia gia. Kwa gari kubwa la kuhimili njia mbovu, otomatiki humpunguzia dereva kazi kwenye mchanga na matope, ilhali gia za mkono hubaki pale alipoziweka.

Tofauti hiyo hudhihirika mteremkoni, mathalani kwenye barabara za kushukia kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha takriban mita 600. Hapo injini hupaswa kulizuia gari ili breki zisipate moto kupita kiasi. Otomatiki ikiachwa kwenye D huweza kupanda gia, na mzigo wote ukaziangukia breki.

Matumizi: Mfasiri wa mwongozo wa gari aepuke "tumia gia ya chini", kwani msomaji aweza kudhani ni upande wa kuvutia wenzo wa gia. Aandike:

Gia za mkono: Ingiza gia ya kwanza kabla ya kuanza kushuka.
Otomatiki: Ondoa wenzo kwenye D, uuweke kwenye L.