Ni Nani wa Kumwambia? Historia ya Kumtafuta Mshauri wa Karibu

Mwaka 1815, katika mji wa Ghent, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, Kanoni Petrus Jozef Triest na ndugu watawa wachache aliowakusanya walikabidhiwa wanaume waliopotewa na akili. Waliwakuta katika vyumba vya chini vya ngome kuukuu, wamefungwa minyororo. Shirika la Triest, Frères de la Charité, lilikuwa na umri wa miaka 8 tu, na hapakuwa na kitabu cha kuwaelekeza. Walianza kwa kufungua minyororo. Baadaye, mwaka 1828, daktari kijana aitwaye Joseph Guislain aliwekwa kuwa mganga mkuu wa wagonjwa hao, naye akaandika kanuni za kuwatunza: hewa safi, kazi za mikono, maneno ya upole, na mtunzaji anayemfahamu mgonjwa kwa jina.

Ndugu vijana, tusiihesabu habari hii kuwa ya kale na ya mbali. Watawa wa shirika hilo walifika Kongo mwaka 1911, na nyumba za kutunza wagonjwa wa akili zilizo katika miji yetu kadhaa ni matunda ya kazi yao. Tena minyororo yenyewe haijaisha. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba katika nchi zipatazo 60 duniani bado kuna watu wanaofungwa kwa pingu au kamba kwa sababu ya maradhi ya akili, majumbani, kwa waganga, hata katika vyumba vya maombi. Wanaowafunga mara nyingi ni jamaa zao, watu wanaowapenda lakini waliokosa mahali pengine pa kwenda.

Maneno hayo, kukosa pa kwenda, ndiyo yanayotuhusu hapa. Wengi wetu hatujapotewa na akili. Tuna mzigo tu: usingizi uliokimbia tangu usiku ule wa risasi, huzuni nzito isiyopungua, hofu ya mtihani iliyogeuka kuwa hofu ya kila kitu, au jambo tulilotendewa ambalo hatujathubutu kulitamka. Tunajiuliza ni nani wa kumwambia. Swali hilo nalo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa Afrika.

Mwaka 1954, huko Abeokuta, magharibi mwa Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza. Hospitali mpya ya Aro ilikuwa ikijengwa, vitanda vikiwa bado havijatosha. Lambo hakungoja majengo. Alikwenda kuzungumza na wazee wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, akawaomba wakulima wawapangishie wagonjwa vyumba. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na jamaa mmoja, awe mama, dada au mjomba, wa kumpikia na kumwongoza. Asubuhi walikwenda hospitalini kupata dawa. Baada ya hapo walirudi kijijini, wakashiriki shamba, soko na ngoma kama watu wengine. Lambo aliwaita pia waganga wa jadi wafanye kazi pamoja naye, kwa sababu walijua jinsi Wayoruba wanavyoyaeleza maumivu yao.

Wako waliomlaumu kwa hilo, na lawama yao haikuwa ya bure, maana mganga anayejua kusikiliza si lazima ajue kuponya. Hata hivyo Lambo alikuwa ameona jambo ambalo wasomi wengi wa siku zake hawakuliona: mgonjwa anayetibiwa kwa lugha isiyo yake, mbali na watu wake, analazimika kubeba ugeni juu ya ugonjwa. Mwaka 1961 madaktari wa akili kutoka nchi nyingi walikutana Abeokuta katika mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa fani hiyo, nao wakajionea vijiji hivyo kwa macho yao.

Miaka hamsini baadaye shida ilikuwa ile ile, ila imebadilisha sura. Nchini Zimbabwe, mwaka 2005, serikali ilibomoa nyumba na vibanda vya maskini mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wachache sana wa akili katika nchi hiyo. Amesimulia mara nyingi hadharani kisa cha msichana aliyekuwa akimtibu, aliyejiua. Msichana huyo alipaswa kurudi hospitalini Harare. Mama yake alimweleza daktari kwamba walitaka kuja, lakini nauli ya basi, dola 15 hivi, haikupatikana.

Kisa hicho kinastahili kufikiriwa polepole. Daktari alikuwepo, tena mwenye elimu na huruma. Msichana alikubali kutibiwa, na familia ilimuunga mkono. Kilichokosekana ni njia ya kati. Ndiyo maana mimi husita ninaposikia mtu akisema kwamba mshauri mzuri ni yule mwenye shahada kubwa zaidi. Shahada ina uzito wake, lakini kwa mgonjwa asiyeweza kuifikia haina faida yoyote.

Chibanda hakupewa chumba wala wauguzi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alipewa akina mama wazee 14 waliokuwa tayari wakijitolea katika kazi za afya, pamoja na uwanja ulio nje ya kituo. Hivyo wakaweka benchi la mbao chini ya mti. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliepuka. Nani angependa kuonekana ameketi hapo? Bibi hao ndio waliomshauri daktari abadili jina. Kwa Kishona likaitwa benchi la kupeana mashauri, na ulimwengu ukalijua kuwa benchi la urafiki.

Kazi ya bibi hao si maongezi ya barazani. Walifunzwa njia moja iliyo wazi: kumwacha mtu aeleze matatizo yake yote, kumsaidia achague moja la kuanza nalo, kutafuta naye hatua anayoweza kuifanya wiki ile, kisha kuonana tena na kupima ilikwendaje. Hutumia maswali 14 yaliyotungwa Harare kwa maneno ya Kishona, na mojawapo linahusu kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nasi tuna usemi wetu, mawazo mengi, na kila mtu wa Bukavu au Lubumbashi anajua kwamba anayesema ana mawazo mengi haelezi wingi wa akili. Mwenye kuonyesha dalili za kutaka kujiua habaki na bibi peke yake. Hupelekwa kwa msimamizi mwenye ujuzi zaidi.

Je, ilifaa? Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 24 vya Harare, kwa watu 573, yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Baada ya miezi 6, kati ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, karibu nusu walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kati ya walioketi na bibi, walikuwa takriban 14 kwa kila 100. Tangu hapo mabenchi yamewekwa Malawi, na hata Zanzibar, ambako mazungumzo yake ni kwa Kiswahili.

Mtu aweza kusema kwamba Harare haikuwa vitani, na kwamba majeraha ya kwetu ni ya namna nyingine. Ni kweli. Lakini kwetu pia jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2013, katika New England Journal of Medicine, ulichapishwa utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 waliotendewa au kushuhudia ukatili wa kingono. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika baadhi, wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja uliokuwa ukitolewa kwa kawaida. Katika vingine walikutana katika vikundi vya watu 6 hadi 8, kwa vikao 11, wakifundishwa kuyachunguza mawazo yaliyozaliwa na ukatili ule: kwamba kosa ni langu, kwamba hakuna wa kuaminiwa tena, kwamba sina thamani. Njia yenyewe ilitungwa Marekani, ikaandikwa upya ili asiyejua kusoma aweze kuishika kichwani. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa hapa hapa, wale tunaowaita APS, waliokuwa wamemaliza miaka michache ya sekondari, wakafunzwa na kusimamiwa kila wiki.

Miezi 6 baada ya vikao, katika vijiji vya vikundi, wanawake 9 kwa kila 100 ndio waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vingine walikuwa 42. Wa vijiji hivyo vingine nao walipata nafuu, tusisahau. Ila tofauti ni kubwa, nayo inatufundisha jambo ambalo wema wa moyo pekee hautufundishi: wasaidizi wawili wanaweza kuwa na upole sawa, na mmoja akafaa zaidi kwa sababu amefunzwa kazi maalumu kwa jeraha maalumu.

Hapo ndipo swali la kijana wa parokia linapoanza kupata umbo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Mmarekani, Edward Bordin, aliandika kwamba mapatano kati ya mshauri na mwenye shida yana sehemu tatu: wote wawili kukubaliana wanaelekea wapi, kukubaliana watatumia kazi gani kufika huko, na kuwepo kifungo cha kuaminiana. Ukiviangalia vijiji vya Aro, benchi la Mbare na vikundi vya Kivu, utaziona sehemu hizo zote. Na ukiangalia mahali ambapo vijana wetu huvunjika moyo, utaona mara nyingi mojawapo imekosekana. Mshauri anataka usamehe leo, wewe unataka kwanza ulale usingizi. Au anazungumza Kifaransa kizuri, na wewe machozi yako yanakuja kwa Mashi. Msichana aliyetendewa jeuri na mwanamume anaweza kushindwa kufungua kinywa mbele ya mwanamume, hata awe mtakatifu. Aombe mwanamke; si utovu wa heshima.

Kwa hiyo ni halali kuuliza. Umefunzwa wapi, na nani anakusimamia? Nitakayosema yatabaki kwako, na ni lini utalazimika kumwambia mwingine? (Jibu la kweli ni kwamba uhai ukiwa hatarini atalazimika, na anayeahidi siri isiyo na mpaka hajafunzwa vema.) Tutaonana mara ngapi, na kwa bei gani? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu. Vivyo hivyo anayeahidi uponyaji kwa siku moja, anayetaka fedha zaidi kila unapozidi kulia, anayekukataza dawa ulizopewa na daktari, au anayekutaka mkutane mahali pa faragha usipopaelewa. Kwa huyo usirudi, na mweleze mtu mzima unayemwamini.

Padri, katekista na mzee wa familia wana nafasi yao, na wengi huanzia kwao. Vema. Lakini kitubio si tiba ya kiwewe, wala hakikusudiwa kuwa hivyo, na padri mwenye hekima hujua siku ya kusema: mwanangu, twende pamoja kituo cha afya. Kutoka hapo njia ipo, ingawa ni nyembamba. Muuguzi wa kituo anaweza kukuelekeza kwa APS wa eneo, au kukuandikia barua ya kwenda hospitali kuu ya zoni ya afya. Bukavu kuna SOSAME, iliyo chini ya watawa wale wale waliofungua minyororo ya Ghent. Kuna pia hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Huko aliyetendewa ukatili hukuta tiba ya mwili, mshauri wa nafsi, mtetezi wa sheria na msaada wa kuanza tena maisha, bila kuanza kusimulia upya katika kila mlango wa mji. Goma wana Tulizo Letu, jina ambalo halihitaji kufafanuliwa.

Kikao cha kwanza huwa kigumu, na hakitoshi kumpima mshauri. Ukienda mara mbili au tatu na bado unahisi husikiki, mwambie hivyo mwenyewe. Aliyefunzwa hatachukia, huenda akabadili njia au akakutajia mwenzake. Kumwacha mshauri mmoja na kwenda kwa mwingine si kushindwa. Kilicho hatari ni kuwaacha wote. Na mwenye mawazo ya kujiua asingoje miadi wala asiachwe peke yake: apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Tukumbuke pia sharti la Lambo, kwamba mgonjwa aje na mtu wake. Kikundi cha vijana kinaweza kulitimiza kwa gharama ndogo: kuchanga nauli, ile ambayo Harare ilikosekana, na kumpa mwenzao mmoja wa kufuatana naye. Huyo msindikizaji hana haja ya kuingia ndani wala kuuliza kilichosemwa. Atangoja nje, chini ya mti kama upo, mpaka mazungumzo yaishe, kisha watarudi nyumbani pamoja.