Kwa nini magari ya kwanza yalitetemeka?

Wiki hii nimejichimbia maktaba na historia ya injini, na swali moja limeniganda: zile gari za kwanza zilikuwa zinatetemeka kwa nini hasa?

Tuanze na gari ya Karl Benz ya 1886. Silinda moja, pistoni moja. Ikienda na kurudi haina mwenzake wa kuisawazisha, basi chombo kizima kinacheza. Ukitaka kuelewa, kaa kwenye bajaji iliyosimama foleni inanguruma. Nayo ina silinda moja.

Wakaona dawa ni kuongeza silinda. Zikiwa nne, mbili zinapanda, mbili zinashuka, ngoma droo. Kumbe wapi! Kwa vile konrodi inalala upande kranki ikizunguka, pistoni inakwenda kasi zaidi nusu ya juu kuliko nusu ya chini. Kwa hiyo hazifutani kabisa, unabaki mtikisiko unaokuja mara mbili kila mzunguko.

Haya, wakaenda sita. Hapo pistoni zikasawazishana safi, ila kranki ikawa ndefu, na chuma kirefu kinajisokota. Spidi ikifika mahali fulani, kila mlipuko unaisukuma kranki kwa wakati wake, kama unavyosukuma bembea. Mwisho inakatika! Hayo yaliwakuta Rolls-Royce kwenye gari yao ya nguvu za farasi 30, mnamo 1906 hivi. Henry Royce akainenepesha kranki na kubuni kifaa cha msuguano cha kuumeza ule mtetemo. Gari yao iliyofuata, 40/50, ikasifika kwa utulivu.

Mwingereza mwenzake, Frederick Lanchester, naye akachukua hataza ya kifaa kama hicho mwaka 1910. Kwa silinda nne akabuni shafti mbili zenye uzito, zinazozunguka kwa kupishana, spidi mara mbili ya kranki. Miaka ya 1970 Mitsubishi wakaufufua ujanja huo, na Porsche wakaulipia ili wautumie kwenye 944. Lanchester alishafariki 1946, tena bila utajiri.

Somo nililopata: dalili moja, magonjwa matatu. Walioongeza silinda bila kujua wanatibu ugonjwa gani walihamisha tatizo tu, likatoka kwenye makalio ya abiria likaenda kuvunja kranki.

Watu wa mekanika mnasemaje? Tuonane kantini.