Upungufu wa Nguvu ya Tabo

Upungufu wa nguvu ya tabo ni hali ya tabo kushindwa kusukuma hewa ya kutosha kwenye injini ya dizeli. Lori lenye mzigo huwa zito mlimani na, likiwa la zamani, hutoa moshi mweusi.

Huko Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, barabara ya North Circular imejaa malori, na dalili hiyo ya moshi haitegemewi tena. Tangu Machi 2021, lori zito lisilofikia kiwango cha utoaji moshi cha Euro VI hutozwa ada karibu London nzima. Malori yanayokifikia yana chujio la masizi kwenye ekzosi, nalo huuficha moshi.

Fundi makini haanzi kwa kufungua tabo. Hukagua kwanza chujio la hewa, klipu na mipira ya kwenda intakula (kipoza hewa), kisha huijaza mipira hiyo upepo na kupaka povu la sabuni: panapovuja hutoa mapovu. Mluzi mtu akikanyaga mafuta nao ni ushahidi.

Kisha hufuata vali ya kupunguzia shinikizo, mapezi yaliyogandishwa na masizi, na uchezaji wa shafti, ambayo huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Tabo jipya lililofungwa kabla ya kuziba mpira uliopasuka halirudishi nguvu.