Asiranse ya mutoka: hasara ya nani?

Bandugu, SONAS, yenye kuzaliwa 1966, ilibaki peke yake ku soko ya asiranse miaka mingi. Sheria ya 1973 ikalazimisha kila mutoka ikuwe na asiranse ya responsabilite sivile. Ile inalipa hasara unaletea mutu mwengine. Yako mwenyewe haimo. Sheria ya 17 Machi 2015 ikafungua soko kwa masosiete ingine, lakini ile maana haikubadilika.

Hapa Kampemba, mutoka ya baba mudogo ilipinduka na mahindi yangu. Karatasi ilikuwa ku kioo, tukazani tutalipwa. Hata franka moja! Mutoka na mahindi havikuandikwa mu kontra.

Mbele ya kusinya, uliza: hasara gani? Ya nani? Na franshize, ni kusema ile sehemu unajilipia mwenyewe, ni ngapi?