Mwenye Nyumba Hubadilika, Hodi Haibadiliki

Nyumba inapouzwa, je, faragha ya mpangaji nayo huuzwa? Historia ya Msumbiji yatufunza. Tarehe 3 Februari 1976 Serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha. Miaka ya 1990 ikawauzia wapangaji wengi nyumba walizokaa. Mwaka 2019, familia zilizohamishwa Afungi kupisha mradi wa gesi zilianza kuingia nyumba mpya za Quitunda, katika nchi ambayo ardhi yote ni mali ya Dola. Wenye mali hubadilika; makao ni ya akaaye. Kifungu cha 68 cha Katiba ya 2004 chakataza kuingia makao ya mtu usiku bila ridhaa yake; kuingia kinyume cha hiari yake huamriwa na mahakama. Basi mnunuzi naye na apige hodi, angoje “karibu”.