Kuhesabu Deni Kabla ya Kusamehe: Imani ya Kikristo na Uponyaji wa Waliofanyiwa Ukatili wa Kingono

Utangulizi

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Leo kizazi hicho ni cha wazazi, walimu, wanakwaya na wachungaji. Makala haya yanauliza imani ya Kikristo ina nini cha kuwapa. Hoja yangu ni kwamba imani huponya kweli, ila uponyaji huo huanza pale kanisa linapokubali kuusikia ukweli wote. Msamaha ni tunda la uponyaji. Ukigeuzwa kuwa sharti lake, jeraha hufunikwa likiwa bado bichi.

Desturi ya kumaliza nyumbani

Namna tunavyoyamaliza mambo haya inajulikana. Mtoto anapoharibiwa na mjomba au na mzee anayeheshimika mtaani, ukoo huketi, wakati mwingine pamoja na wazee wa kanisa. Mtuhumiwa husema shetani alimpitia. Sala huombwa, binti huambiwa ampe mkono, na neno la kusamehe saba mara sabini hufunga kikao. Hakuna aliyemuuliza binti kilichotokea. Anayejaribu kukumbusha huambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa aliyedhulumiwa, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe: humwamsha usiku, humtia hofu akisikia nyayo mlangoni, humfanya ajione mchafu hata baada ya ubatizo.

Mathayo 18 ikisomwa yote

Wanaoitumia saba mara sabini kumnyamazisha mtu huiacha sehemu kubwa ya sura inamotoka. Mwanzoni mwa Mathayo 18 Yesu anamsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi, kisha anatoa onyo la jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa atakayemkosesha mmoja wa wadogo hao. Baadaye inakuja njia ya kumkabili mkosaji, hatua ya mwisho ikiwa mbele ya kanisa zima. Ndipo Petro anauliza asamehe mara ngapi. Na mfano anaojibiwa nao unaanza na mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake: deni la talanta 10,000 linatajwa kwanza, ndipo linafutwa. Deni ambalo halijahesabiwa haliwezi kusamehewa. Linaweza tu kufichwa. Wala mtoto hapaswi kubebeshwa kazi ya kumkabili aliyemuumiza. Kazi hiyo ni ya kanisa, na ni ya sheria.

Tamari na walionyamaza

Habari ya Tamari katika 2 Samweli 13 inaonyesha gharama ya kunyamaza. Amnoni anajifanya mgonjwa. Tamari anakanda unga na kumwandalia mikate mbele ya macho yake. Anaposhikwa anapinga kwa hoja, lakini Amnoni anamzidi nguvu. Akiisha kutupwa nje anajitia majivu kichwani, anararua vazi lake na kwenda akilia kwa sauti. Absalomu anamwambia anyamaze. Mfalme Daudi anakasirika, lakini hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Miaka miwili baadaye Absalomu anawaamuru watumishi wake wamuue Amnoni, na nyumba ya Daudi inaelekea kwenye vita. Kampeni ya Tamari, iliyoanzia katika Kituo cha Ujamaa huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, imewasaidia Wakristo wengi kuisoma sura hii kwa pamoja. Wanawake wakiisoma, mara nyingi huanza kusimulia yao. Kugundua kwamba Maandiko hayakukificha kilio cha Tamari ni mwanzo wa kupona.

Panzi: sala na sindano

Mfano ulio hai uko Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC. Wengi wanaofika pale wamebakwa vitani, na baadhi wana fistula: tundu linalofanya mkojo uvuje bila kukoma. Mwanamke wa namna hiyo hukwepa hata benchi la kanisa kwa aibu ya harufu. Panzi humpa upasuaji, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na stadi za kujitegemea. Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, hatenganishi sala na sindano ya upasuaji. Wala Yesu hakutenganisha mwili na heshima: katika Marko 5, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ameshapona mwilini, lakini Yesu alisimama njiani mpaka mwanamke huyo akasema kweli yote, kisha Yesu akamwita binti.

Imani inayojua kuomboleza

Wapo watakaosema mkazo huu juu ya majeraha unapunguza nguvu ya msalaba. Lakini Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso makovu; utukufu haukuyafuta. Zaburi 88 nayo inaishia gizani bila neno la shukrani, na bado ni sala. Daktari Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kuwa kupona hupitia usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika uhusiano na watu. Kanisa lenye zaburi za maombolezo lina mahali pa kuifanyia kazi hiyo ya pili, kama halitamharakisha mtu kushuhudia ushindi.

Hitimisho

Vyuo vya theolojia vifundishe wachungaji kusikiliza kabla ya kuombea. Mtoto aliyeumizwa apelekwe hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Jinai haimalizwi kwa kikao cha wazee. Nawe uliyeumizwa, hukosei mbele za Mungu kwa kuwa bado unalia. Mtafute mmoja unayemwamini, umweleze yote. Na kanisa litakalokuhimiza usamehe kabla ya kukusikiliza litakuwa limesimama upande wa Absalomu.