Asili ya Neno "Hela"

Miongoni mwa maneno anayokutana nayo mapema mwanafunzi wa Kiswahili ni "hela". Wako wanaodhani kuwa limetoka Uarabuni, na wako wanaolifukuza darasani wakisema ni neno la mitaani. Yafaa basi tuichunguze nasaba yake.

Hela ni neno la Kijerumani, Heller, nalo lilizaliwa na jina la mji. Mji huo ni Hall, kusini mwa Ujerumani, ambao leo huitwa Schwäbisch Hall. Wenyeji wake walitajirika kwa kupika chumvi. Katika karne ya 12 na ya 13 zilifuliwa huko sarafu ndogo za fedha, zenye mchoro wa kiganja upande mmoja na msalaba upande wa pili. Watu wakaziita peni za Hall. Baadaye wakafupisha, wakasema Heller, yaani "ya Hall". Miji mingine ikaziiga, na thamani yake ikazidi kushuka. Hata leo Mjerumani aliyefilisika husema hana hata Heller nyekundu, maana yake ile ya shaba.

Neno hilo lilifikaje kwetu? Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi, rupia moja ilikuwa na pesa 64, kwa kufuata hesabu ya Kihindi. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifua sarafu mpya, rupia moja ikawa na Heller 100. Mjerumani hutamka mwisho wa neno hilo karibu na "a". Mswahili akasikia "hela", akaliingiza katika ngeli moja na rupia na pesa.

Wajerumani waliposhindwa vitani, Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, ambao mwaka 1921 walileta shilingi. Sarafu ikafa, neno likabaki. Tena lilipanda cheo: lililotaja sehemu ya mia ya rupia sasa lataja fedha zote. Pesa nayo, iliyokusudiwa kuondolewa, ingali hai kwa maana iyo hiyo. Na katika Kirundi fedha huitwa "amahera".

Twaona, basi, kwamba serikali huweza kuamuru sarafu itumike au ikome, lakini uhai wa neno umo vinywani mwa watu. Kwa hiyo, walimu wenzetu, hela isifukuzwe darasani. Ina historia ndefu, na kamusi zetu zimekwisha kuipokea.